Mti Upi Unaingia Mdomoni? Historia ya Mswaki, Deiram ya Maharusi na Kijiti cha Degu



Binti wa dada yetu anaishi Uingereza na mumewe, na nyumbani kwao wanafuga degu wawili. Kwa asiyemjua, degu ni mnyama mdogo mwenye masikio makubwa na mkia wenye kishungi mwishoni. Ukimwona mara ya kwanza utasema panya, na hivyo ndivyo tulivyosema sote kwenye kundi la familia, hata mmoja wetu akauliza kama nyumba ina ufa. Lakini binti alikuwa na swali la maana. Degu wake walikuwa wameanza kutafuna plastiki ya tundu lao, akaambiwa wanahitaji vijiti vya mti. Na ndani ya droo yake alikuwa na miswaki aliyoletewa na mkwewe kutoka Makka. Akaandika: "Mama wadogo, nikiwapa mswaki wa Makka kuna ubaya?"

Tulicheka, kisha tukanyamaza, maana hakuna aliyekuwa na jibu. Sisi tumekulia kwenye miti ya kutafuna. Mswaki tumeuona kwenye mfuko wa kanzu ya babu na kwenye pindo la kanga ya bibi. Lakini kwa nini mti huu na si ule? Nani alijaribu kwanza, na nani alikataza? Tukaanza kuuliza wakubwa na kufungua vitabu. Tulichokipata ni historia ndefu kuliko tulivyodhani, na sehemu yake kubwa imo mikononi mwa wanawake.

Tuanze na chumba cha Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake. Ni mwaka wa 11 Hijria, 632 Miladia, na Mtume, rehema na amani zimshukie, yuko katika maradhi yake ya mwisho, ameegemea kifuani kwa mkewe. Anaingia Abdurrahman bin Abi Bakr, kaka yake Bi Aisha, na mkononi ana mswaki. Mtume anautazama. Hasemi neno, lakini Bi Aisha anayajua macho yale. Anauliza kama amchukulie, naye anaashiria kwa kichwa kuwa ndiyo. Bi Aisha anauchukua ule mti, anauona mgumu, anautafuna yeye mwenyewe mpaka unalainika, kisha anampa. Mtume akapiga mswaki vizuri kuliko alivyowahi kuonekana akipiga, na muda si muda akafariki. Bi Aisha alikuja kuhesabu miongoni mwa neema za Mola wake kuwa mate yake na ya Mtume yalikutana siku ile. Riwaya moja katika Bukhari inasema mti wenyewe ulikuwa kuti bichi la mtende.

Tumeisikia hadithi hii katika mawaidha mara nyingi, na kila mara msisitizo huwa kwenye sunna ya mswaki. Ni sawa. Lakini isome tena kama mwanamke wa nyumbani. Kuna mke aliyeyasoma macho ya mumewe, akaupima mti kwa meno yake kwanza kabla haujamgusa mgonjwa. Katika Abu Daud yapo mapokezi mengine kutoka kwake: Mtume alikuwa akimpa mswaki auoshe, naye akianza kuutumia yeye, kisha akauosha na kumrudishia. Bibi harusi anayetafuta mfano wa mapenzi ya ndani ya nyumba asiende mbali.

Mti wenyewe uliopendwa Hijazi ulikuwa arak, ambao huku pwani tunauita mswaki au msuaki, na wataalamu wa mimea Salvadora persica. Siku moja Abdullah bin Mas'ud alikuwa akichuma vijiti vyake juu ya mti. Upepo ukampeperusha nguo, miundi yake myembamba ikaonekana, na masahaba wakacheka. Mtume akawaambia kuwa miundi ile katika mizani ni mizito kuliko mlima Uhud. Kwa hiyo tangu mwanzo palikuwa na watu waliojua mti gani wa kupanda na tawi gani la kukata.

Hapo ndipo wanazuoni walipoingia, na hapa ndipo swali la binti yetu lilipoanza kupata majibu. Dini ilipofika nchi zisizo na arak, watu walishika vijiti vya miti yao. Je, kila mti unafaa? Imam Nawawi wa Sham, aliyefariki mwaka 676 Hijria sawa na 1277, ambaye kitabu chake cha Minhaj kimesomeshwa kwenye darsa za pwani yetu vizazi na vizazi, alikubali kila kitu chenye ukwaruzo kinachosafisha. Sisi Mashafii tumelelewa na kauli hiyo. Ibn Qudama, aliyefariki kabla yake mwaka 620 Hijria, alitaja arak, mtende na mzaituni, akatahadharisha na miti inayoumiza fizi, mmojawapo mkomamanga. Inashangaza kidogo, kwa sababu tunda la komamanga ni chakula kitukufu, lakini kijiti chake hakikusifiwa. Tunda zuri halifanyi tawi kuwa zuri. Kumbuka neno hili, tutarudi nalo kwa degu.

Lakini kauli iliyotukamata zaidi ni ya Ibn al-Qayyim wa Damascus, aliyefariki mwaka 751 Hijria, yaani 1350. Katika maelezo yake ya tiba anasema mswaki usichukuliwe kwenye mti usiojulikana, huenda ukawa ni sumu. Ni agizo fupi, halina mapambo, nasi tulilisoma mara tatu. Mtu wa karne ya 14 anawaambia wasomaji wake kuwa nia njema ya sunna haiondoi sumu ya mti. Pia aliusifu mswaki uliorowekwa maji ya waridi, maharusi mpo hapo? Na aliitaja mizizi ya mjozi kuwa na manufaa. Mjozi nao tutaurudia.

Huku kwetu neno lenyewe lilikuja na Kiarabu, siwaki na miswaki, likakaa kwenye Kiswahili kana kwamba lilizaliwa hapa. Angalia lilivyojipanga: mswaki, miswaki, kama mti na miti, mkoko na mikoko. Limeingia kwenye ngeli ya miti likatulia. Na hata leo mtoto anapopewa brashi ya plastiki yenye picha ya katuni, bado tunamwambia akapige mswaki. Plastiki imerithi jina la mti.

Nyika za pwani na za bara zina msuaki, lakini si kila aliyekuwa kisiwani aliupata kila siku, kwa hiyo mabibi walitumia kilichokuwepo. Bibi yetu mzaa mama alitumia mpera. Majirani zetu wenye asili ya India walitumia mwarobaini, mti uliotoka kwao, ambao huku ulipewa jina kwa sifa ya kutibu maradhi arobaini. Uchungu wake anaujua kila aliyewahi kuuma kijiti chake asubuhi. Wanaorudi hija wakaleta miswaki ya Makka pamoja na zamzam na tende, na miswaki hiyo ilikuwa ikigawiwa kama dhahabu, mmoja kwa kila nyumba.

Bibi alikuwa na sheria yake, wala hakuwahi kumsoma Ibn al-Qayyim. Mti unaotoa maziwa meupe ukiuvunja, usiutie mdomoni. Alikuwa akitutisha na mnyaa, ule wa ua usio na majani, ambao utomvu wake ukikuingia jichoni unaweza kukupofua. Sheria yake ilikuwa pana mno, kwa sababu ipo miti yenye utomvu mweupe isiyo na madhara, mfenesi kwa mfano. Lakini hakuna mtoto wake hata mmoja aliyewahi kuungua mdomo. Kuna mti mwingine ambao sheria yake isingeukamata: oleanda, ile ya majani membamba na maua ya pinki inayopandwa bustanini kwa uzuri. Waarabu huiita difla. Sumu yake hupiga moyo, na imo kwenye majani, maua na vijiti. Wenye watoto, tafadhali muangalie kwenye bustani zenu.

Brashi ya dukani ina historia fupi ukilinganisha. Uingereza, karibu mwaka 1780, William Addis alianza kutengeneza miswaki ya mpini wa mfupa yenye nywele za wanyama, na kwa muda mrefu nywele zilizotumika sana zilikuwa za nguruwe. Ndiyo, umesoma sawa. Wazee wa Kiislamu waliokataa miswaki ya Wazungu wakati huo hawakuwa wajinga wa maendeleo. Nailoni iliingia kwenye brashi mwaka 1938, huko Marekani, na tangu hapo sababu hiyo ikaondoka. Sisi tunatumia vyote viwili na hatuoni ugomvi. Msuaki una ukali unaofanana na wa haradali, na ukali huo unapambana na vijidudu vya mdomoni. Katika miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi ya miti hii pale ilipo desturi. Ila ukate ncha iliyochakaa na uanze mpya, na usiuache umelowa bafuni. Mswaki wenye ukungu si sunna ya mtu yeyote.

Sasa maharusi wetu. Kwenye sinia la bibi harusi wa Kizanzibari miti ni mingi kuliko tunavyofikiri. Kuna udi wa kufukiza. Kuna liwa, ambayo ni msandali uliosagwa. Hata katu ya kwenye tambuu hupikwa kutokana na kiini cha mti wa mgunga wa India. (Tambuu yenyewe tunaipenda kwa harufu na heshima yake, lakini popoo limetajwa na wataalamu wa kimataifa kuwa linasababisha saratani. Tunaliacha kwenye sinia kama pambo, mdomoni hapana.)

Na kuna deiram. Wengi wa visiwani hawaijui, lakini wenye ndugu Oman wanaijua. Ni gome la mti wa jozi, ambalo wanawake wa Ghuba walilitafuna na kujisugulia midomo na fizi kabla ya lipstiki kufika. Hutoa rangi ya kahawia iliyoiva, na meno huonekana meupe zaidi kando yake. Morocco wanalo, India na Pakistan wanalo, kila mahali kwa jina lake. Kwa kizazi cha bibi zetu wa Muscat, bibi harusi bila deiram alikuwa kama hina bila mafuta.

Miaka michache nyuma tulikuwa na harusi ya binamu yetu. Alitaka kila kitu cha asili: singo ya kusaga nyumbani, hina ya majani, hakuna chupa. Akaletewa gome lililonunuliwa kwenye duka moja, hatulitaji, likiwa ndani ya mfuko usio na maandishi. Muuzaji alisema deiram. Siku mbili kabla ya nikaha akatafuna na kusugua, akalala. Asubuhi midomo ilikuwa imevimba, ngozi imechubuka pembeni, na somo wake amekaa kitandani analia kuliko bibi harusi mwenyewe. Daktari akampa dawa, akasema rangi ya mjozi inaweza kuunguza ngozi za baadhi ya watu, na kwamba hakuna awezaye kujua gome lile lilikuwa la mti gani hasa. Harusi ilifanyika. Picha zipo, na amependeza, lakini hakuweza kunywa hata kikombe cha sharbati bila kukunja uso, na tabasamu la kwenye picha ni la macho tu.

Kosa lilikuwa letu sisi wakubwa. Tulimhakikishia kuwa cha asili hakidhuru. Ibn al-Qayyim aliusifu mjozi, ni kweli, lakini ni yeye huyo huyo aliyesema usichukue mti usioujua, nasi tulichukua gome lisilo na jina kutoka mfuko usio na jina. Siku hizi anayetaka deiram kwetu anajaribu kwanza nyuma ya sikio au ndani ya mkono, wiki mbili kabla, tena gome linalotoka kwa mtu anayemjua. Ukiwasha, unaacha. Hakuna mume atakayeuliza.

Tumrudie degu wa watu anayesubiri kwenye tundu lake.

Kwao ni Chile, upande wa katikati ya nchi, kwenye vichaka na mabonde ya chini ya milima ya Andes. Aliyemwandika kwanza kwenye vitabu vya elimu ya viumbe ni Juan Ignacio Molina, padri Mjesuiti mzaliwa wa Chile. Wajesuiti walipofukuzwa mwaka 1767 naye alifukuzwa, akaishia Bologna, Italia, na huko mwaka 1782 akachapisha kitabu cha viumbe vya nchi yake ambayo hakuiona tena. Alimweka degu pamoja na kuchakuro, si mbali sana na sisi tuliomwita panya. Baadaye wataalamu walimpa jina la Octodon, kwa sababu magego yake yakitazamwa juu yana umbo la namba nane.

Meno ndiyo kila kitu kwa mnyama huyu. Hayaachi kukua maisha yake yote. Kwao anakula majani makavu, mbegu na magome ya vichaka, na kazi hiyo inayapunguza. Ukimfungia ndani ukampa chakula laini, meno yatarefuka mpaka ashindwe kula, naye atakufa kwa njaa mbele ya sahani iliyojaa. Meno ya degu mzima yana rangi ya machungwa, kwa hiyo usihangaike kuyasugua. Yakipauka ndiyo uwe na wasiwasi. Na sukari haiwezi: degu hupata kisukari upesi, macho yakafanya mtoto wa jicho. Sote tunamjua yule mwanamke katika hadithi aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Kwa degu, kijiti kiko katika hesabu ya chakula.

Kijiti gani basi? Wafugaji wa Ulaya wameshajaribu na kukubaliana kwa sehemu kubwa. Mtufaha na mpea wa Ulaya ni salama, pia hazeli na mierebi, mradi miti haijapigwa dawa ya wadudu na haikukatwa pembeni ya barabara yenye magari. Misonobari na miti yenye gundi ya harufu kali hukwepwa. Na hapa linakuja lile neno la mkomamanga: matunda yenye kokwa moja ngumu, kama cheri, plamu, pichi na aprikoti, ni matamu na halali, lakini vijiti vyake vibichi vina kemikali inayoweza kutoa sianidi. Msishangae. Ni jamaa ya sumu iliyomo kwenye muhogo mchungu, ambayo mabibi zetu waliishinda kwa kuroweka, kuanika na kupika. Degu hana sufuria.

Mswaki wa Makka je? Kwenye orodha za wafugaji hatukuuona. Ukali wake wa haradali unafaa kwa mtu anayesugua na kutema, lakini degu hatemi, anameza kila kinachotafunika. Huenda usimdhuru. Lakini kwa degu ule ni mti usiojulikana, na kwenye suala la mti usiojulikana tulishapata fatwa yetu ya Damascus. Tukamjibu binti: hapana, mwanangu, huo upigie wewe.

Akampata jirani yake, bibi mmoja wa Kiingereza mwenye mtufaha nyuma ya nyumba, ambaye hajawahi kuupiga dawa tangu mumewe aupande. Akapewa matawi waliyopogoa wakati wa baridi. Akayasugua kwa maji bila sabuni, akayakata urefu wa kiganja, akayakausha ndani ya oveni kwa moto mdogo mpaka maji yakaisha, akayaacha yapoe. Jioni akatuma video. Degu mmoja amesimama kwa miguu miwili, ameshika kijiti kwa mikono kama anayetaka kuanza udhu, anakimenya gome kwa ustadi. Yule wa pili anamvizia ampore. Bibi jirani sasa anamwekea matawi kwenye kikapu kando ya mlango, na binti yetu amempelekea visheti.